Tundu la Simu na Hukumu ya Siri

iPhone kwa kawaida hupokea programu zilizoidhinishwa na Apple tu. Wapo wataalamu wanaotafuta udhaifu wa mfumo wake ili kuvunja vizuizi hivyo. Wanachogundua hukificha, kwani Apple ikijua, huziba. Tangu Julai 2010 sheria ya Marekani imemruhusu mwenye simu kuivunjia vizuizi. Lakini je, siri yenyewe ina hukumu gani?

Tuipime kwa kanuni ya fiqhi inayotaka madhara yaondolewe. Julai 2011 ilitoka JailbreakMe 3.0, iliyopitia kasoro katika usomaji wa faili za PDF. Mwizi naye angeweza kupita hapo hapo. Aliyeitengeneza alitoa pia kiraka cha kuziba kasoro hiyo, siku kadhaa kabla ya Apple. Mwaka 2015 kampuni ya Zerodium iliahidi dola milioni 1 kwa udhaifu wa iPhone, na wateja wake walikuwa pamoja na serikali.

Wa kwanza alificha kwa muda, kisha akaziba. Wa pili hunufaika tundu likibaki wazi kwa watu wasiojua.

Swali la darsa: ukigundua udhaifu katika mfumo wa matokeo chuoni, utamwambia nani kwanza, na nani ataumia ukinyamaza?