Msamiati wa Kiingereza cha Juu: Maswali na Majibu

Mwalimu wa Kiingereza anajibu maswali ambayo wanafunzi wa kidato cha tano na vyuo humuuliza mara kwa mara.

Swali: Mwalimu, nijue maneno mangapi ili nisome bila kuhangaika na kamusi?

Jibu: Mwaka 2006 Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alikadiria kwamba msomaji wa riwaya au gazeti anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia ni neno pamoja na ndugu zake, kama "create" na "creation". Usikate tamaa, kwani 2,000 za mwanzo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya ukurasa wowote.

Swali: Nikishazimudu hizo 2,000, nikariri kamusi?

Jibu: Hapana. Mwaka 2000 Averil Coxhead, naye wa New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 zinazojirudia katika maandishi ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Huchukua takriban asilimia 10 ya maandishi hayo. Humo utakuta "analyse", "assume" na "significant", maneno yaleyale yanayowakwamisha wengi kwenye mtihani. Anza na hayo.

Swali: Mbona maana naijua, lakini nikiandika insha neno haliji?

Jibu: Umelikariri likiwa peke yake. Chukua "evidence". Ukiandika "ushahidi" ukaishia hapo, hujalisoma. Andika na yanayoandamana nalo: "strong evidence", "provide evidence". Weka alama kwamba halichukui "s" ya wingi. Kisha litungie sentensi mbili kutoka somo lako la Historia au Baiolojia.

Swali: Baada ya wiki nasahau yote. Nifanyeje?

Jibu: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hushinda ya mkupuo. Rudia kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Funika maana, jiulize kwanza, ndipo utazame.

Swali: Je, maneno mazito hayaonyeshi usomi?

Jibu: Usomi huonekana katika usahihi. Pale "use" inapotosha, "utilise" haikuongezei kitu. Soma kila siku vitabu vya fani unayoipenda, chagua maneno matano, uyatumie wiki hiyohiyo. Neno usilolitumia halijawa lako.