Akirudi Kutoka Kung'oa Jino
Kijitabu cha nyumbani, Mpapura

Mgonjwa anashuka kwenye bodaboda, shavu limemuumuka upande mmoja, ameng'ata pamba, na akiulizwa hali anajibu kwa mkono. Katoka Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa. Gego la mwisho lilikataa kutoka kwa koleo, ikabidi fizi ipasuliwe, mfupa uchongwe kidogo, kisha zishonwe nyuzi mbili. Daktari amemaliza yake. Wiki inayofuata ni yenu mnaokaa naye: mpishi, mwenzi wake, bibi mwenye dawa zake, na watoto wanaotaka kuchungulia shimo.

Bonge la damu

Shimo la jino halifungwi bandeji. Damu huganda humo ikawa bonge jeusijeusi, laini kama ini, na chini yake ndiko nyama mpya inakoanzia. Bonge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi. Maumivu huanza kati ya siku ya pili na ya nne, hupanda hadi sikioni, na mdomo hunuka. Panadol haiyawezi maumivu hayo. Mgonjwa arudi akasafishwe shimo na kuwekewa dawa.

Karibu kila katazo lililomo humu linatokana na bonge hilo.

Pamba ing'atwe kwa nguvu dakika 30 hadi 45, bila kuitoa kila mara kuangalia. Mate mekundu siku ya kwanza yasiwatishe, maana tone moja la damu hutia rangi mate ya mdomo mzima. Damu ikijaa mdomoni, kunjeni kitambaa safi kilicholoweshwa, au kipakiti cha majani ya chai kilicholowa na kupoa, kiwekwe juu ya shimo, naye ang'ate nusu saa akiwa ameketi. Isipokata, hospitali.

Asiteme mate kila dakika, wala asifyonze kitu. Dafu anywe kwa kikombe. Mrija na muwa vingoje. Sigara aiache kabisa siku hizo: moshi huchelewesha kidonda kupona, na kule kuvuta hung'oa bonge.

Sasa maji ya chumvi. Hapa ndipo mabibi wetu wanapokosea kwa nia njema: jioni ileile wanachemsha maji, wanatia chumvi, "sukutua, mwanangu, usafishe damu." Damu hiyo ndiyo tunayoitaka! Zipite saa 24 kwanza. Kuanzia kesho yake, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula. Ainamishe kichwa huku na huku, kisha aachie maji yaanguke yenyewe. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida, pole pole karibu na kidonda.

Wapo wanaouliza kuhusu udhu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, kusukutua ni sunna, si faradhi. Kwa siku hiyo ya kwanza anaweza kuiacha na sala yake isiharibike.

Chungu na shamba

Ganzi hukaa saa mbili hadi nne. Kabla haijaisha asipewe cha moto, na mtoto achungwe asije akautafuna mdomo wake mwenyewe bila kujua. Ikishatoka, uji uliopoa, ugali laini kwa mchuzi wa samaki aliyechambuliwa miiba, ndizi mbivu, mtindi. Korosho za kukaanga, bisi na pweza wakae mbali kwa wiki nzima; kipande cha korosho kikiingia shimoni hakitoki kirahisi.

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, ndipo hupungua. Siku ya kwanza mkandeni shavu kwa kitambaa cha maji baridi, dakika 20 kisha pumziko, na alale kichwa kikiwa juu. Kama ni msimu wa kupuliza salfa, mashine isipande mgongoni mwake siku tatu za kwanza: mtu akijikakamua, damu huanza upya. Mpulizieni mikorosho yake.

Dawa

Mtu mzima: paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Aspirini asinywe kutuliza maumivu, huzidisha damu. Ibuprofeni na diklofenaki si za mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo wala mgonjwa wa figo. Dawa za kuua bakteria ni za aliyeandikiwa tu, naye azimalize. Akiwa na Flagyl, uraka na gongo havigusi hadi zipite siku mbili baada ya dozi, vinginevyo atatapika na moyo utamwenda mbio.

Kidonda kisitiwe kitu: si ugoro, si kidonge kilichosagwa, na hasa si mafuta ya ganda la korosho. Aliyewahi kubangua anajua yanavyochuna ngozi ya vidole. Fizi ni laini kuliko kidole.

Msisubiri asubuhi

Uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, akashindwa kumeza mate, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, ondokeni saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa. Homa, mdomo kuzidi kukataa kufunguka, au uvimbe unaokua baada ya siku ya tatu, navyo ni vya hospitali. Mwenye kisukari, selimundu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda awaeleze wahudumu mapema, ikiwezekana kabla jino halijang'olewa.

Kwa ushauri pigeni 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Na leo, kabla hakujaingia giza, andikeni nyuma ya kijitabu hiki namba ya bodaboda anayekubali kutoka usiku.