Kosa la Faili Tatu

Ninyi mliotutangulia, bila shaka mnalikumbuka lile daftari kubwa la maktaba yetu hapa Gahanga. Siku hizi kazi yake hufanywa na programu tatu ndogo tulizoziandika sisi wenyewe katika chama cha kompyuta. Ya kwanza huandika vitabu vinavyotoka na kurudi, ya pili hutoa orodha ya wanaodaiwa, ya tatu hunakili kumbukumbu zote kila usiku. Zote husoma hifadhidata moja, yaani ghala la habari lililomo katika seva.

Ili programu ifike ghalani, yahitaji kujua mambo matano: anwani ya seva, namba ya mlango (kwa PostgreSQL kwa kawaida ni 5432), jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na neno la siri. Hayo yote niliyaandika katika faili ya kila programu, mara tatu, nami nikajiona fundi.

Muhula uliopita tulihamishia ghala katika kompyuta mpya. Nikabadili anwani katika programu ya kwanza na ya tatu. Ya pili nikaisahau. Laiti ingalikataa kufanya kazi, ningalijua siku ile ile! Lakini kompyuta ya zamani ilikuwa bado inawaka, ikaendelea kujibu kwa habari zilizopitwa na wakati. Orodha ikatoka, na ndani yake jina la mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, kwamba adaiwa kitabu cha fizikia. Alisema amekwisha kukirudisha. Hatukumsadiki, maana karatasi ilisema vingine. Alikuwa ameanza kutafuta fedha za kulipa tulipokiona kitabu chenyewe rafuni.

Sasa mambo yale matano yamo katika faili moja tu, na kila programu huisoma inapoanza. Jambo hili si uvumbuzi wangu. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret na Rwinkwavu mwaka 2006, huweka anwani ya hifadhidata, mtumiaji na neno la siri katika faili moja iitwayo openmrs-runtime.properties.

Lakini angalieni. Faili hiyo ina neno la siri, basi isiwekwe katika Git pamoja na msimbo. Tena kompyuta ya majaribio shurti iwe na faili yake, yenye majina yale yale ya mistari lakini anwani nyingine. La sivyo, anayejaribu kufuta atafuta kumbukumbu za kweli.

Kijana yule nilimwomba radhi mbele ya darasa lake. Kompyuta ya zamani tumeizima, na kila orodha sasa huandikwa juu yake anwani ya seva ilikotoka.