Herufi H iliyovuka mpaka

Andika neno Habari kwenye kompyuta. Wewe unaona herufi; kompyuta yenyewe haina herufi hata moja, ina namba. H ni 72, a ni 97, b ni 98. Makubaliano hayo huitwa ASCII, nayo yana nafasi 128 tu. Waswahili tuna bahati: lugha yetu nzima inaenea humo, pamoja na kile kialama cha juu katika ng'ombe.

Kichina hakienei. Kina alama maelfu, na nafasi ni zilezile 128. Wahandisi wakatumia hila: tengeneza majedwali mengi, na kila ukitaka kuhama jedwali, tangaza kwanza. Ni kama mwalimu anayesema "sasa fungueni kitabu cha pili": namba za kurasa hazijabadilika, yaliyoandikwa humo ndiyo mengine. Katika mfumo mmoja wa namna hiyo, ISO-2022-CN-EXT, tangazo huchukua namba nne. Mojawapo ni 27, 36, 42, 72. Ile 27 ni ishara isiyoonekana. Zilizobaki, ukizisoma kwa ASCII, ni $, * na H. Hiyo H tuiweke kando, tutarudi kwake.

Sasa, namba hizi zinakaa wapi? Fikiria bao lenye mstari mmoja mrefu mno. Kila shimo lina anwani yake, na ndani mna idadi ya kete, kuanzia 0 hadi 255. Shimo moja ni baiti. Programu ikitaka pa kuandikia, hukopeshwa mashimo yanayofuatana, tuseme 256, na kipande hicho huitwa bafa. Kati ya shimo la 256 na la 257 hakuna ukuta. Mpaka umo katika hesabu za mwandishi wa programu tu, na katika lugha ya C, asipohesabu yeye, mashine haimhesabii. Itaandika kwa jirani bila hata kukohoa.

Kazi ya kugeuza maandishi kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kwenye Linux nyingi, hufanywa na iconv, iliyomo katika maktaba ya programu iitwayo glibc. Mkataba wake ni mwepesi: nipe maandishi, nipe bafa, nitajie ukubwa wake, ikijaa nitasimama nikuambie. Anayeiita hana haja ya kukisia matokeo yatakuwa marefu kiasi gani. Ameahidiwa.

Lakini mfumo ule wa Kichina una matangazo ya aina tatu. Kabla ya kuandika la aina ya kwanza, msimbo wa iconv uliuliza: yamebaki mashimo manne? Kabla ya la pili na la tatu haukuuliza. Basi, kosa lenyewe ndilo hilo. Tangazo likiangukia ukingoni, namba moja, mbili au tatu za mwisho zilitua nje. Kosa hilo lilikaa humo tangu mwaka 2000 hadi 2024, mtafiti wa usalama Charles Fol alipolikuta, likasajiliwa kama CVE-2024-2961. Mimi siwashangai waliopita bila kuliona: lilihitaji mfumo usioombwa na karibu mtu yeyote, alama kutoka majedwali fulani, na bafa iliyokaribia kujaa.

Tena baiti zenyewe huwezi kuzichagua. Mdukuzi afanye nini na H moja?

Inategemea nani anakaa shimo la 257. Katika PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, kumbukumbu hukatwa vipande vilivyolingana, na kipande kisicho na mtu huhifadhi katika mashimo yake 8 ya mwanzo anwani ya kipande kingine kilicho wazi. Anwani hiyo huandikwa kuanzia sehemu yake ndogo kabisa, ambayo kwa vipande vya 256 kwa kawaida ni 0. H ikidondoka hapo, 0 inakuwa 72. Anwani imesogea mashimo 72 mbele, hadi katikati ya kipande. PHP ikija kugawa, inatoa kiwanja kilichopandana na cha jirani: hati mbili, ardhi moja. Anayejenga huku anabomoa kule, na kutoka hapo Fol alipanda hatua kwa hatua hadi kuiamrisha seva.

Mlango wa kuingilia ulikuwa PHP yenyewe, inayoruhusu jina la faili libebe agizo la kugeuza maandishi. Aliyeweza kuchagua jina la faili la kusomwa aliweza pia kuchagua ISO-2022-CN-EXT.

Dawa ilikuwa mistari michache: swali la mashimo manne likawekwa mbele ya aina ya pili na ya tatu pia. Wasioweza kusasisha upesi waliufuta mfumo huo kwenye orodha ya iconv, ukiuomba ikujibu kwamba haiujui.