Shamba la Nabothi na Shamba Langu

Somo la kujadiliwa katika vikundi: imani, jamaa na siasa



Mimi ni baba wa watoto watano, mfugaji wa upande wa Kitengela, na mzee wa kanisa. Nimeombwa niandike juu ya imani, jamaa na siasa. Ningeweza kuwaandikia mahubiri, lakini mahubiri mmeyasikia mengi. Afadhali niwaeleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe, kisha tujifunze pamoja.

Kabla ya kuendelea, mmoja wenu mwenye sauti nzuri awasomee 1 Wafalme sura ya 21 yote. Asiyejua kusoma asikilize na kukumbuka. Somo hili linatosha mikutano miwili.

1. NILICHOKIFANYA

Mwaka wa 1997 kulikuwa na uchaguzi mkuu, tarehe 29 Desemba. Mwenzangu wa rika moja alitaka kiti cha udiwani, na mimi nikawa mweka hazina wake. Ndiyo mwaka ule wa mvua ya El Niño. Magari yalikwama katika udongo wetu mweusi, na pesa zikaenda kwa petroli, sukari, majani ya chai na mbuzi wa kuchinjia wageni. Zilipokwisha, wote walinitazama mimi.

Nikauza ekari kumi. Mama watoto sikumwambia. Nilisema moyoni, shamba ni langu, jina kwenye hati ni langu, na tukishinda nitanunua lingine kubwa zaidi. Nilipoulizwa kama jamaa yangu imekubali, nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo, na Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikaongoza maombi.

Tulishindwa. Baadaye mama watoto alienda kutafuta kuni, akakuta vigingi vya sorovea mahali tulipokuwa tukilishia ndama. Alirudi nyumbani akaniuliza, “Baba watoto, vile vigingi ni vya nani?” Sikuwa na jibu. Hakunipigia kelele. Aliweka chai mezani, akatoka nje akakaa na ng'ombe mpaka giza likaingia.

Januari 1998 shule zilipofunguliwa, karo ya binti yetu wa kidato cha pili haikuwepo. Alikaa nyumbani muhula mzima.

2. TUMTAZAME NABOTHI

Mfalme Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu lilikuwa karibu na jumba lake. Alisema atamlipa pesa au ampe shamba lingine bora zaidi. Nabothi alikataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, mashahidi wawili wa uongo wakatafutwa, na Nabothi akapigwa mawe. Halafu Eliya akatumwa kumkuta Ahabu pale pale shambani.

Hapa kwetu tukisoma habari hii, kila mtu hujiona kuwa Nabothi. Ahabu ni yule tajiri aliyekuja kununua. Mimi pia nilisoma hivyo kwa miaka mingi. Kumbe katika nyumba yangu Nabothi alikuwa ni mke wangu na watoto wangu, maana urithi ule ulikuwa wao. Na mimi sikuwa Ahabu tu. Niliposema “jamaa imekubali” nilikuwa pia yule shahidi wa uongo.

Lakini tusikosee. Biblia haisemi kwamba kuuza au kununua shamba ni dhambi. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya watu wote langoni mwa mji. Katika Yeremia 32, nabii alinunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17. Akapima fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, na hati ikahifadhiwa katika chombo cha udongo ili idumu. Tofauti ni hii: Ibrahimu na Yeremia walifanya mbele ya watu. Yezebeli alifanya kwa siri. Shamba linalouzwa kwa siri lina kitu kinachofichwa, na mara nyingi anayefichwa analala nyumba moja na wewe.

3. ARDHI YETU ILIVYOGAWANYWA

Vijana wengi hawajui tulikotoka, kwa hiyo nieleze kidogo. Mwaka wa 1968 serikali ilitunga sheria ya ranchi za vikundi. Katika Kajiado ardhi ya malisho ikaandikishwa kwa vikundi, na kila kikundi kikachagua kamati. Katika madaftari kwa kawaida waliandikwa wanaume wenye boma. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, kila mwanachama akapata sehemu yake na hati yake.

Tulifurahi. Lakini angalieni: ardhi iliyokuwa ya watu wengi ikawa na jina la mtu mmoja mmoja, na yule mmoja akadhani ni ya kwake peke yake. Nairobi iko karibu. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likafunguliwa Athi River, wafanyakazi wakatafuta vyumba Kitengela, ploti zikapanda bei. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Sipingi wageni, wengi wao ni ndugu zetu katika kanisa hili. Ninachosema ni kwamba mahali pazuri pa kuuza ni mahali rahisi pa kupoteza.

Wengine walipata njia nyingine. Mwaka wa 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, mradi wasiweke ua, wasiuze, na waache wanyama wapite. Pesa zililipwa kwa awamu kufuata kalenda ya shule. Hazikuwa nyingi, lakini karo ilipatikana na shamba likabaki.

4. SHERIA INASEMAJE?

Kila kikundi kijue mambo haya manne.

(a) Kuuza shamba la kilimo au malisho kunahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, ile tunayoiita Lendi Bodi. Sheria ya 1967 inataka ombi lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Bila kibali, mapatano hayana nguvu.

(b) Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke wote wawili. Mama, kama hukukubali, usitie sahihi wala dole gumba kwa kuogopa.

(c) Mwenye haki katika shamba anaweza kwenda kwa afisi ya usajili wa ardhi kuomba zuio liwekwe, ili shamba lisihamishwe kabla hajasikilizwa.

(d) Kabla ya kununua, fanya sachi katika afisi hiyo ujue shamba ni la nani na kama lina deni. Usitegemee maneno ya broka.

Sheria ni nzuri, lakini haiingii chumbani usiku mume na mke wanapoongea. Hapo ni kazi ya imani.

5. SIASA INAPOINGIA NYUMBANI

Wengine husema Mkristo asijihusishe na siasa. Mimi sikubali. Wazee mnakumbuka mlolongo wa 1988, tuliposimama nyuma ya wagombea mchana kweupe, na chifu akiona nani yuko wapi. Maaskofu kama David Gitari na Henry Okullu walisema wazi kwamba huo si uchaguzi wa haki. Wangenyamaza, tungesimama katika mlolongo miaka mingapi zaidi? Leo tunapiga kura ya siri. Mume hajui kura ya mke, wala mke ya mume, na hakuna ubaya.

Tatizo si siasa. Tatizo ni siasa inayolipiwa na chakula cha watoto. Katika Kutoka 18 Yethro alimshauri Musa achague watu wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Mtu anayekupa noti usiku ili umchague, je, anachukia mapato hayo? Tena Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema anayetoa hongo na anayepokea wote wana makosa. Basi tusiseme “ni yake, tule tu.”

Mwakilishi wa wadi siku hizi ana kazi kubwa kuliko diwani wa zamani. Yeye na wenzake ndio wanaopitisha bajeti ya kaunti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Mkisikia mkutano wa bajeti umeitwa, kikundi kitume watu wawili waulize: kisima chetu kimewekewa shilingi ngapi, na zile za mwaka jana zilifanya nini? Swali hilo halihitaji kuuza ekari hata moja.

6. MWAKA WA 2022

Mnajua ukame ule. Mizoga ilikuwa kando ya barabara. Na Agosti tarehe 9 kulikuwa na uchaguzi. Kijana wangu, sasa ni mtu mzima na ana watoto, alikuja akasema, “Papa, tuuze ekari mbili. Nusu tununue nyasi, nusu tumsaidie mtu wetu.” Nilikataa kwa ukali. Akanitazama akasema, “Si wewe uliuza kumi?”

Maneno yale yalinichoma. Lakini yalikuwa kweli, na kweli haina budi kujibiwa. Nikaita jamaa yote: mama watoto, wavulana, mabinti na mke wa kijana wangu. Kwa mara ya kwanza nilisema mbele yao wote jinsi nilivyouza na jinsi nilivyodanganya. Nikaomba msamaha. Mama watoto alisema alinisamehe zamani, ila alikuwa akingoja nimwambie. Binti yangu akasema polepole, “Mimi ndiye niliyekaa nyumbani muhula ule. Nilidhani sikupendwa.” Miaka ishirini na nne alikuwa amebeba neno hilo, na mimi nikiwa mzee wa kanisa.

Baada ya hapo tuliongea juu ya shamba. Kila mmoja alisema, hata yule mke wa kijana, ambaye ndiye anayechota maji. Tukakubaliana tusiuze ardhi. Tukauza ng'ombe watano waliokuwa bado na nguvu, kwa bei ya chini, tukanunua nyasi za waliobaki. Kijana tulimwambia amsaidie mtu wake kwa miguu na kwa mdomo, si kwa urithi wa watoto. Hakufurahi. Miezi mitatu hakuja kanisani. Siwezi kuwaambia kwamba yote yalikwisha vizuri siku ile. Lakini shamba lipo, naye sasa huja, na tukiongea tunaongea wazi.

7. MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

– Baba, waonyeshe mke na watoto hati zilipo. Mtu akifa na siri yake, jamaa inabaki na kesi.
– Wekeni siku moja katika mwaka ya kuongea juu ya mali: shamba, mifugo, madeni, karo.
– Mabinti wakae katika mkutano huo na waseme. Someni Hesabu 27, habari za mabinti wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa wakadai urithi, na Mungu akasema wana haki.
– Akija mnunuzi, mjibu, “Nitauliza nyumbani.” Anayekataa kungoja, mwache aende.
– Msifanye mapatano yoyote ya shamba katika miezi ya kampeni. Akili za wengi huwa hazijatulia.

8. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika habari ya Nabothi, wazee wa mji walipokea barua wakatii. Je, sisi wazee tumewahi kunyamaza tukiona jamaa ikinyang'anywa shamba?
2. Katika kikundi chetu, ni akina mama wangapi wanajua hati ya shamba lao iko wapi? Hesabuni.
3. Kijana asiye na kazi akipewa pesa na mwanasiasa, tumwambie nini? Tumpe nini badala yake?
4. Je, kuna jambo ambalo baba au mama anapaswa kuungama nyumbani kabla ya kuungama kanisani?
5. Nani watakwenda mkutano wa bajeti kwa niaba yetu? Andikeni majina mawili kabla hamjatoka.

Mwisho, ndugu zangu, kuna kigingi kimoja sorovea alikiacha. Mama watoto alikichukua, na hadi leo ndicho kinachozuia mlango wetu usifungwe na upepo. Zamani nilikiona nikaona haya. Sasa wajukuu wakiuliza ni cha nini, nawaambia.

Fungeni somo kwa sala. Waombeeni wanaotaka kuuza wiki hii, na waombeeni wale ambao hawajaambiwa.