Kurekodi mtaa kwa masikio mawili

Mzanzibari aliyeko Maskati akikuomba umpelekee soko la Darajani, usimpelekee video ya simu. Mrekodie sauti kwa maikrofoni mbili ndogo zilizokaa masikioni mwako, kisha mwambie avae hedifoni na afumbe macho. Muuzaji aliyepita kushotoni kwako atapita kushotoni kwake, na baiskeli iliyokuja nyuma yako itamfanya ageuke kuitazama.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kuielewa. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza, ndipo la kushoto. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, lakini ubongo huikamata. Kichwa nacho huzikinga sauti nyembamba zisifike vizuri upande wa pili, na mikunjo ya sikio hutusaidia kutenga mbele na nyuma, juu na chini. Maikrofoni zikikaa kwenye mlango wa tundu la sikio hubeba alama zote hizo. Ndiyo maana hedifoni ni lazima: kwenye spika mbili za sebuleni, sikio la kulia husikia pia spika ya kushoto, na ile hali ya kuwa pale pale hupotea. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1881 huko Paris, Clément Ader alipanga vipaza sauti vya simu mbele ya jukwaa la opera, na wasikilizaji waliokuwa jengo jingine wakashika vipokea sauti viwili, kimoja kwa kila sikio.

Studio kubwa hutumia kichwa bandia chenye maikrofoni ndani, kama Neumann KU 100. Ni chombo kizuri na cha bei kali, na ukikisimamisha sokoni watu watakusanyika kukitazama badala ya kuendelea na biashara. Kichwa chako kinatosha. Tafuta jozi ya maikrofoni za masikioni zinazopokea sauti kutoka pande zote, pamoja na kinasa sauti kidogo chenye tundu la maikrofoni la njia mbili. Hakikisha tundu hilo linapeleka umeme kidogo kwenye maikrofoni, kwa sababu nyingi za aina hii hazifanyi kazi bila umeme huo. Usizichomeke moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la simu: tundu hilo hupokea maikrofoni moja tu, kwa hiyo kulia na kushoto hupotea papo hapo. Maikrofoni mbili za kubana kwenye kola, zikifungwa kwenye miwani karibu na masikio, zinaweza kukuanzisha. Pande utazipata, ila mbele na nyuma zitachanganyika.

Kinasa sauti kiweke WAV, kilohetsi 48, biti 24. Dakika 1 itakula megabaiti 17 hivi, saa nzima gigabaiti 1. Zima kabisa kile kipengele kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe, maana hicho huufanya mtaa uonekane unavuta pumzi: kelele ikitulia, mngurumo wa nyuma unapanda, mtu akipaza sauti, kila kitu kinadidimia. Panga kiwango kwa mkono, sauti kubwa kuliko zote zifike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Kwa kuwa masikio yako yameshikwa na maikrofoni, huwezi kusikiliza huku unarekodi. Rekodi dakika 1 ya majaribio, sugua vidole karibu na sikio la kulia, kisha toa maikrofoni, vaa hedifoni usikilize. Ukisikia vidole kushotoni, badilisha maikrofoni pande kabla hujaendelea.

Mahali pa kusimama ndipo kazi ilipo. Wengi huingia katikati ya soko kwa kudhani ndipo penye sauti nyingi, wakatoka na uvumi mmoja usio na umbo. Simama mpakani. Pale Darajani, mlangoni mwa ukumbi wa samaki, upande mmoja una mnada na upande mwingine una barabara na magari. Sogea hatua chache mpaka upate kitu kimoja cha karibu sana, mfano kisu kinachokwangua magamba ya changu umbali wa mkono mmoja. Sasa una tabaka tatu: kisu, sauti za watu wanaobishana bei, na honi za mbali. Msikilizaji anahitaji kitu cha karibu ili kile cha mbali kiwe mbali kweli.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vina tabia nyingine. Kuta zinarudisha sauti, kwa hiyo unamsikia mtu kabla hajakata kona, na hatua zake hubadilika anapotoka penye uwazi na kuingia penye wembamba. Hapo usitafute kelele. Simama penye njia panda, acha watu wapite.

Ukishasimama, usigeuze kichwa. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Mtu akikuita utataka kugeuka, na ukigeuka soko zima litazunguka kichwani mwa msikilizaji kwa namna inayochefua. Chagua kitu mbele yako ukikazie macho. Pumua kwa mdomo, polepole. Vaa pamba, acha koti la nailoni nyumbani, na funguo zitoke mfukoni. Dakika 10 bila kusogea zina thamani kubwa kuliko saa nzima ya kutembeatembea.

Adui mkubwa wa pwani ni upepo. Kusi likivuma, rekodi iliyopigwa ufukweni bila kinga haiokoleki. Vifuniko vya sponji husaidia upepo mdogo tu. Ukizidi, tafuta ukuta wa kukukinga na ukubali kwamba sauti za nyuma yako zitapungua. Mtandio mwepesi wa pamba juu ya masikio pia husaidia, mradi usisugue maikrofoni. Ujaribu kwanza nyumbani.

Kisha kuna watu. Maikrofoni za masikioni hazionekani kirahisi, na hilo linakuongezea wajibu. Ukisimama karibu na meza ya mtu, omba kabla: “Shikamoo, mama. Narekodi sauti za soko, na yako itaingia. Unaridhia?” Akikataa, ondoka. Mazungumzo ya siri yakinaswa bila kukusudia, yafute hata kama sehemu hiyo ni nzuri kuliko zote. Usirekodi ndani ya msikiti, kanisa au msibani bila ruhusa ya wenyewe.

Ukimaliza, usizime mara moja. Taja kwa sauti mahali, tarehe, saa, ulisimama wapi na ulikuwa umeelekea wapi. Nyumbani, punguza mngurumo wa chini kidogo tu, kata mwanzo na mwisho, basi. Usiongeze muziki, wala usiruhusu programu ya kusafisha kelele iguse rekodi hiyo, kwa kuwa kelele ndiyo uliyoifuata. Weka nakala mbili mahali tofauti, ukihifadhi ile asili bila kuigusa.

Kama mtaani kwenu bado yupo muuza kahawa anayegonganisha vikombe, mwombe ruhusa, umrekodi wiki hii. Masoko yanahamishwa, magari ya umeme yanaingia, vijana hawarithi kila kazi ya wazee wao. Sauti ambayo hakuna aliyeirekodi haiwezi kupatikana baadaye.