Ziwa Ellis: Kichwa Kikizidi Kuuma, Shuka

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Tangu picha za Ziwa Ellis zianze kuzagaa mitandaoni, vijana, vyama na makundi ya makanisa kutoka Runyenjes hadi Chuka wanapanda kulitazama, na wengi hurudi wakinung'unika: langoni pesa taslimu hazikupokelewa, chupa za maji zilizuiwa, gari lilikwama. Tutayajibu, lakini kwa ufupi, maana hayo hayaui mtu. Lipo jambo linaloua, na kulihusu hilo hatujaletewa hata lalamiko moja.

Ziwa lenyewe limo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1997. Kutoka Chogoria unapita msituni kama kilomita 30 hadi langoni, kisha unaendelea kupanda. Hakuna duka wala kibanda cha chai. Kuna maji baridi, nyasi za vishungi, na nyayo za nyati kwenye tope la ukingoni. Usiogelee.

Hatari yenyewe

Runyenjes iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; ziwa liko karibu mita 3,450. Ukinywa chai nyumbani asubuhi, mchana uko kule, na mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Kila pumzi unayovuta huko ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani. Kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, chakula hakipiti. Mtu wa kwetu husema ni malaria, au ni nyama ya njiani. Humeza dawa ya maumivu na kujilaza hemani. Hapo ndipo tunapokosana naye. Dawa hiyo hutuliza kichwa, haiongezi hewa.

Ukiona dalili hizo, usipande hata hatua moja zaidi. Zikizidi, shuka.

Mpime mgonjwa hivi: atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi na hajanywa, ubongo umeanza kuvimba. Akihema ilhali ameketi, au akikohoa mate yenye povu, mapafu yanajaa maji. Msingoje kupambazuke. Mshusheni usiku huo huo, na asiachwe kushuka peke yake. Tunarudia kwa wale wanaosoma wakirukaruka mistari: dawa ni kushuka.

Ujana si kinga. Anayecheza mpira dakika tisini anaweza kuanguka kabla ya mama yake. Na kwa kuwa tuko Embu, tuseme wazi: muguka, yale majani ya kutafuna, huondoa usingizi na njaa, kwa hiyo huficha dalili zile zile unazopaswa kuziona. Uache nyumbani. Pombe vilevile.

Njia salama ni kulala usiku mmoja karibu na lango, kwenye mita 2,950 hivi, ndipo uendelee kesho yake. Ni gharama, tunajua. Beba sweta ya sufu na koti la mvua, kwani usiku maji huweza kuganda. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au mimba amwone daktari kwanza.

Mengineyo

Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Lipa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu mtandao wa simu msituni hautegemeki. Viwango vya raia, mkazi, mgeni na mtoto vinatofautiana, viangalie huko huko. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo hakuna aliyekuonea. Anayetaka kuvua traut aulizie leseni. Gari dogo kama Probox halifai kwa barabara ile, hata dereva aape vipi. Usiwashe moto ovyo. Nyasi zile zikishika huwaka siku nyingi.

 

Na wewe dereva: ukiambiwa kuna mgonjwa, usibishane na usisubiri wanaopiga picha. Geuza gari.